Mgeni wa Laurensia

Devotha alikuwa amezamisha mikono hadi viwiko kwenye beseni la sare za shule, anasugua kola ya mwanawe Evance ambayo hata mche mzima wa sabuni usingeitakatisha, simu ilipoanza kulia juu ya ndoo. Akaiacha ilie. Jumamosi ana watoto watatu wa kufulia, ana mume, Castory, anayefanya kazi Dar na kurudi na kola chafu kuliko za watoto, na maji ya bomba pale Mkuza, Kibaha, hutoka yanapotaka yenyewe. Simu ikakata, ikalia tena. Akajifuta kwa upindo wa kanga, akapokea.

Alikuwa mdogo wake, Laurensia.

"Ee, mtalii," Devotha akasema. "Kumbe mmerudi, na hata salamu hakuna."

Laurensia ni mwalimu wa shule ya msingi kule Mzenga, Kisarawe. Yeye na akina mama wa kikundi chao walijinyima muda mrefu ili waende Uturuki kutembea, na kwa siku kadhaa picha zake zilikuwa zikimiminika kwenye simu ya dada yake. Laurensia chini ya kuba la msikiti wa Aya Sofya, ameinua kidevu kama anayesubiri maji yadondoke. Laurensia na paka wa Istanbul. Laurensia alfajiri huko Kapadokia, na nyuma yake maputo makubwa yamejaa angani. Devotha aliziangalia huku akigeuza dagaa. Kisha picha zikakoma ghafla. Alidhani bando limemwishia.

"Dada," Laurensia akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Uko nyumbani?"

"Niende wapi na lundo hili?"

"Nisikilize. Mtu akipiga hodi hapo kwako, msiitike."

"Mtu gani?"

"Yeyote. Hata kama sauti mnaijua. Waambie watoto. Mwambie Blessing hasa."

"Kwa nini Blessing hasa?"

Devotha alimsikia mdogo wake akipumua kwa mdomo, kama alivyokuwa akipumua utotoni alipokuwa amevunja kitu na hajasema.

Na hapo hapo, upande wa mbele wa nyumba, mtu akapiga hodi. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya adabu, isiyo na haraka.

Kabla Devotha hajainuka kwenye kigoda, akamsikia kitindamimba wake huko sebuleni.

"Karibu," Blessing akaitika.

Simu ikakatika.

*

Blessing alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Mlango ulikuwa wazi na pazia limetulia.

"Nani kapiga hodi?"

"Huyo, mama." Mtoto akaonyesha kwa kidevu kiti cha baba yake.

Kiti kilikuwa kitupu. Lakini foronya ya mto wake ilikuwa imebonyea katikati, vile inavyobonyea chini ya mtu mzito. Devotha akasogea. Mto ukainuka taratibu, ukajaa hewa.

"Umemnyanyua," Blessing akasema kwa kulaumu. "Na hata hujamwamkia. Ni mkubwa, huyo."

Juu ya mto palibaki unga mweupe, laini kama chokaa iliyochekechwa. Devotha si mtu wa kushangaa wakati kuna kazi. Alichukua kitambaa kibichi, akaufuta, akapiga deki sebule nzima, kisha akakianika kitambaa kwenye kamba, juani.

Jioni alipokianua, nguo nyingine zote zilikuwa za moto kwa jua la Kibaha. Kitambaa kile kilikuwa cha baridi.

Alimpigia Laurensia. Hakupatikana. Akapiga tena baada ya kuivisha ugali. Hakupatikana.

*

Siku zilizofuata unga ule ulirudi kila ulipofutwa. Ulikaa kwenye vifuniko vya sufuria. Ulikaa kwenye kope za Blessing alipoamka.

Na Blessing mwenyewe, ambaye zamani kumwingiza ndani ilikuwa kazi ya kukimbizana, sasa hakutaka kutoka. Alisema jua linamchoma macho. Alipopakuliwa chakula aliomba sahani nyingine. Akaiingiza uvunguni mwa kitanda, na sahani ikatoka safi.

Castory alimpeleka mtoto hospitali wakampima. Hakuwa na malaria wala typhoid. "Anacheza tu huyo," akamwambia mkewe. "Watoto wanajitungia marafiki." Lakini Devotha aliona kwamba mumewe ameacha kukaa kwenye kiti chake. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, anasema mgongo unamsumbua.

Siku moja mchana Devotha alisikia mkwaruzo. Krr. Krr. Ulitoka chumba cha watoto. Akainama, akachungulia uvunguni.

Blessing alikuwa amelala kifudifudi, ana kijiko mkononi, anakwangua sakafu.

Sakafu ile ni ya saruji. Castory aliimwaga mwenyewe na fundi wake, na walipotaka kupitisha bomba walivunja nyundo. Kijiko hakiwezi kuikwaruza. Lakini mbele ya Blessing palikuwa na shimo la mviringo, limechimbwa kwa ustadi, kingo zake laini kama za bakuli. Hewa ya baridi ilikuwa ikitoka ndani yake. Ilikuwa na harufu ya moshi wa taa ya zamani.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Natengeneza mlango." Hakugeuka. "Kwao ni chini, mama. Kila chumba kiko chini ya kingine. Kuna zizi, kuna jiko, kuna pa kulala. Mlango ni jiwe la duara, unalisukuma linabingirika. Likishaziba, hufungua wa ndani tu."

"Na wewe yanakuhusu nini?"

"Kuna chumba changu." Akapuliza unga kwenye kijiko. "Mamdogo alinitaja."

*

Devotha alimvuta kwa miguu, akamfunga mgongoni kwa kanga mbili, akatoka naye hadi kwa jirani, Mwanajuma.

Mwanajuma alikuwa akikaanga vitumbua vya jioni. Ni Mzaramo wa Mzenga, ameolewa Mkuza, na tangu Devotha, mtu wa bara, ahamie hapo hawajawahi kuzungumza bila kutaniana.

"Mama Evance, mtoto ana meno ya kung'oka nawe unambeba? Au ndio mila zenu za mlimani?"

Devotha hakucheka. Alisimama karibu na jiko, akaeleza yote kwa sauti ya chini, huku mtoto amezika uso mgongoni kwake kukwepa mwanga. Kufikia katikati, Mwanajuma alikuwa ameacha vitumbua viungue.

"Alibisha hodi?"

"Alibisha."

"Akakaribishwa na mtu wa nyumba."

"Na mtoto wa miaka sita."

"Mtoto wa nyumba ni mtu wa nyumba. Huyo hakuingia kwa wizi, shoga. Kaingia kwa haki."

"Basi nimfukuze."

"Mgeni hafukuzwi. Ukimfukuza unampa sababu." Mwanajuma akachokonoa kitumbua kilichoungua, akakitupa. "Mgeni husindikizwa. Nyinyi watu wa bara mnampungia mtu mkono mlangoni, mnashusha komeo. Kwetu, mgeni ambaye hajasindikizwa hajaondoka."

"Amsindikize nani?"

"Aliyemwalika." Akasita. "Au kuna njia nyingine. Mwenyeji humtuma mgeni kwa ndugu. Unamwambia, nenda kwa fulani, atakupokea fulani. Anakwenda."

"Na huyo fulani?"

Mwanajuma akamtazama. "Kwani wewe uliulizwa?"

*

Kesho yake asubuhi Devotha alipanda gari hadi Mlandizi, kisha bodaboda hadi Mzenga, mtoto mgongoni. Njia nzima alikuwa akisikiliza kama Blessing ataongea na mtu. Walipokaribia ndipo aliponong'ona.

"Yeye kabaki nyumbani. Kasema atatungoja."

Nyumba ya Laurensia ilikuwa imefungwa madirisha yote, mchana wa jua kali. Mumewe, Maganga, yuko kazini Dodoma. Mtoto wao wa pekee, Gideon, alikuwa amekaa kibarazani, shati lake halina kifungo cha juu.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba. Mama yako?"

"Ndani. Kanikataza kuitika nikiitwa."

Devotha hakupiga hodi. Alisukuma mlango.

Laurensia alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alipomwona Blessing na zile kope nyeupe, aliziba mdomo kwa viganja viwili. Devotha akajua. Alikuwa amemlea mtu huyu tangu mama yao afariki. Alimwogesha, alimsuka, alimlaza mguuni pake katika chumba kimoja cha kupanga pale Kongowe, na hakuna uongo wa uso ule asioujua.

"Sema."

Laurensia akasema. Aliongea akiangalia sakafu.

Siku ya Kapadokia walipelekwa kutazama mji wa chini ya ardhi. Kiongozi wa watalii aliwaeleza jinsi watu wa zamani walivyochimba mwamba laini, ghorofa chini ya ghorofa, wakajificha humo maadui walipokuja. Aliwaonyesha zizi, jiko lenye dari nyeusi kwa moshi, mawe ya duara ya kuzibia njia. Wazungu na Wachina walikuwa wakiingia vyumba vya watu, wanapiga picha, wanatoka.

"Mimi nikaona haya, dada. Ni nyumba ya mtu ile, hata kama kafa. Mama alitufundisha nini? Nikawa kila mlango napiga hodi. Wenzangu wanacheka. Mama Stellamaris ananiambia, mwalimu, utaamsha waliolala."

Chini kabisa alibaki nyuma kidogo, anapiga picha. Kulikuwa na chumba pembeni, kidogo, hakina taa. Akapiga hodi.

"Nikajibiwa karibu."

"Kwa Kituruki?"

"Kwa Kiswahili, dada. Kwa sauti ya mama."

Nje, Gideon alikuwa akirusha vijiwe kwenye kopo.

"Nikaingia. Ukishakaribishwa unafanyaje? Sikuona mtu. Ikaniambia kaa, nikakaa. Ikasema watu wamepita hapo kwake wengi kuliko mchanga, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba ruhusa. Ni mimi wa kwanza. Ikashukuru. Nikaaga." Laurensia akafuta pua kwa kiganja. "Na mdomo ukasema wenyewe, dada. Unajua tunavyoaga. Nikasema, karibu na kwetu."

"Endelea."

"Ikauliza, kwenu wapi?"

Devotha alimhisi Blessing mgongoni, mwepesi kuliko asubuhi.

"Ukaiambia kwako ni Mzenga."

"Hapana."

"Laurensia."

"Nikasema Kibaha. Mkuza. Kwa Devotha." Sasa alikuwa akinong'ona. "Ikauliza, nani atanipokea? Nikasema Blessing."

"Kwa nini?"

Mdogo wake akainua uso. Alikuwa analia, lakini jibu lake lilikuwa tayari. Alikuwa amelitayarisha tangu kule chini.

"Mimi nina mmoja, dada. Wewe una watatu."

Devotha hakumpiga. Baadaye Mwanajuma alimuuliza kwa nini hakumpiga, naye alisema hakuona mahali pa kuanzia. Alisimama tu, anamtazama mtu aliyekaa kwenye chumba chenye giza ng'ambo ya dunia akawahesabu wanawe kama fungu la nyanya, akaona likipungua moja halitaonekana.

Pazia likasogea. Gideon akachungulia. "Mamkubwa, mnakunywa chai?"

Ilikuwa rahisi mno. Arudi nyumbani, asimame sebuleni, aseme maneno machache. Nenda Mzenga. Kwa Laurensia. Atakupokea Gideon. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Alilionja.

"Vaa viatu, baba," akamwambia mtoto. "Leo unakula kwangu."

Laurensia akasimama. "Gideon haendi popote."

"Anaenda. Na wewe utatufuata." Devotha akakaza fundo la kanga kifuani. "Utakuja umsindikize mgeni wako kabla jua halijazama. Usipokuja, nitamtuma mahali pengine, na jina la kumtajia ninalo."

"Dada, ni mtoto."

"Ndiyo. Ni mtoto."

*

Laurensia alikuja. Alivaa gauni la kanisani na viatu vya kufunika, kama anayekwenda mbali.

Shimo lilikuwa limeongezeka. Evaline, binti wa kati, aliyeachwa kufagia, alikuwa ameketi nje na ufagio mapajani, anakataa kurudi ndani. Evance alisema hajasikia kitu, lakini naye alikuwa nje. Uvunguni sasa pangeweza kupita beseni. Pangeweza kupita mtoto.

Devotha alibaki sebuleni na Blessing mgongoni. Laurensia akasimama mlango wa chumba cha watoto. Mikono aliikutanisha mbele, kwa heshima.

"Mgeni," akasema. "Tumeshukuru kuja kwako. Jua linazama. Mimi ndiye niliyekualika. Nakusindikiza."

Mkwaruzo ukakoma. Devotha hakuwa amejua kwamba ulikuwepo mpaka ulipokoma.

Kitu kikapita. Hakukiona. Baridi ilimpitia shingoni, ikazunguka, ikasimama nyuma yake, pale ulipokuwa uso wa mtoto. Ikakaa. Ikakaa mno. Devotha akaushika mguu wa Blessing kwa nguvu.

"Haya," Blessing akasema taratibu. "Kwaheri."

Pazia la mlango likafunguka, likajifunga.

Laurensia akatoka na mgeni wake. Akakata uwanja, akashika njia ya kuelekea Kongowe, ile inayopita kati ya viwanja visivyojengwa. Alitembea pembeni ya njia, kama mtu anayempisha mwenzake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa kidogo. Ulikuwa umeshikwa, vile marafiki wanavyoshikana mikono wakiongea njiani. Kando yake vumbi lilikuwa likitimka, hatua kwa hatua, na hapakuwa na miguu.

Akageuka mara moja.

"Dada. Nimsindikize mpaka wapi?"

Sauti ilikuwa ya yule mtoto wa chumba cha kupanga. Devotha angeweza kusema, hapo barabarani panatosha. Angeweza kusema, ngoja, twende wote. Alihisi joto likirudi mgongoni kwake, jasho la mtoto likianza kulowanisha blauzi, na akawaza maneno yale. Wewe una watatu.

"Mpaka akwambie rudi," akajibu.

Akaingia ndani kubandika maji ya ugali.

*

Castory alirudi kutoka Dar, akavua viatu, akakaa kwenye kiti chake bila kufikiri. Uvunguni mwa kitanda hapakuwa na shimo. Palikuwa na duara lililochorwa kwenye saruji, jembamba kama unywele, na katikati yake sakafu ilikuwa ngumu na kavu. Devotha aliligonga kwa mpini wa ufagio. Mlio wake haukuwa wa saruji. Akavuta kitanda, akaligandamiza kwa mguu wa kitanda, akaenda kusonga ugali.

Blessing alikuwa nje anakimbizana na Evaline, anapiga kelele mpaka majirani wanalalamika. Devotha aliziacha kelele zile.

Alipokuwa anapakua mchicha, Laurensia akaingia. Hakuwa amechelewa sana. Gauni lilikuwa safi, viatu safi. Akavivua mlangoni, akavipanga vizuri, akaja kukaa kwenye mkeka pamoja na wengine.

"Kakwambia urudi?" Devotha akauliza.

"Kaniambia," Laurensia akajibu, akatabasamu.

Evance akapitisha maji ya kunawa. Yalipofika kwa Laurensia, alinawa taratibu, kidole kimoja kimoja, akigeuza viganja huku na huku kama mtu anayetazama nguo mpya. Kisha akamega ugali, akauweka mdomoni, akafumba macho.

"Kina chumvi," akasema kwa mshangao wa furaha. "Chakula chenu kina chumvi."

Castory akacheka. "Kwani huko Uturuki mlikuwa mnakula nini, shemeji?"

Devotha aliwatazama mmoja mmoja, kama alivyoapa kuwatazama kila jioni kuanzia sasa. Castory yupo. Evance yupo. Evaline, Blessing, wapo, mashavu yamejaa. Laurensia yupo, anakula.

Gideon alikuwa amehama. Alikuwa ametoka ubavuni mwa Laurensia, amezunguka mkeka wote kwa makalio, kimya kimya, mpaka akagusana na paja la Devotha. Tonge lilikuwa mkononi, hajalila. Akamvuta kanga, akainua mdomo karibu na sikio lake.

"Mamkubwa," akanong'ona, "mama yangu atarudi saa ngapi?"

Ng'ambo ya mkeka, kutafuna kukasimama.

Devotha hakuinua macho. Akachukua upawa, akamwongezea mtoto mchicha, akamsogezea sahani karibu.

"Kula, baba," akasema. "Tupo wote."